Hati ya Kupokelewa Mzima

Waliofika huko husema ipo nchi iitwayo Uzimani, na kwamba hakuna nchi nyingine inayowapokea askari wake kwa heshima kama hiyo. Kuna ngoma, kuna maua, na kuna mizani.

Mizani ndiyo iliyomshangaza kwanza Kapteni mstaafu Shaweji Mbegu alipoingia ofisi ya Msajili wa Waliorudi. Ilikuwa mizani kubwa ya jukwaa, ya aina ile inayopimia magunia, imepakwa rangi nyeupe na kuzungushiwa kamba nyekundu. Msajili mwenyewe, Bwana Makwega, mtu mpole mwenye suti iliyonyooshwa vizuri, alimweleza kazi yake kwa fahari. Kila askari wa Uzimani alipimwa siku ya kwenda vitani, akapimwa tena siku ya kurudi. Akiwa na viungo vyake vyote, na uzito wake usipungue zaidi ya kilo tano, sheria ilimtangaza kuwa amerudi mzima.

"Na akipungua kilo sita?" Shaweji aliuliza.

"Tunamlisha wiki moja, kisha tunampima tena."

Baada ya mizani ilifuata saini. Mke, au mama kwa yule asiyeoa, aliitwa mezani akatia dole gumba kwenye Hati ya Kupokelewa Mzima, kama mtu anayechukua mzigo wake stesheni. Hati ilikuwa na mistari miwili tu. Wa kwanza ulisema: nimempokea akiwa kamili. Wa pili ulisema kwamba kasoro yoyote itakayoonekana baada ya hapo ni kasoro ya nyumbani.

"Kasoro ya nyumbani," Shaweji alirudia.

"Ndiyo. Maana jeshi limeshakabidhi."

Shaweji hakuwa mwananchi wa Uzimani. Miaka ya nyuma nchi yake na nchi hiyo zilipigana vita upande mmoja, naye akaongoza kombania ya askari waliochanganyika. Miongoni mwao alikuwamo kijana wa Uzimani aliyeitwa Tindwa, mtu wake wa redio. Sasa Shaweji alikuwa na barua mfukoni kutoka kwa mke wa Tindwa, mwanamke aliyeitwa Chausiku, ambaye hakuwahi kuonana naye. Barua ilikuwa fupi. "Mume wangu hayuko sawa," iliandikwa. "Kwa sheria yetu, ni afisa wake peke yake anayeweza kusimama barazani na kusema kwamba aliumia akiwa mikononi mwenu, si mikononi mwangu. Asiposema, hapati matibabu. Nimeambiwa afisa wake ni wewe. Tafadhali njoo."

Barua hiyo aliipokea miezi minane kabla ya kufunga safari. Aliisoma mara moja, akaikunja, akaitia kwenye droo pamoja na miwani aliyokwisha kuacha kuivaa. Alijiambia atajibu mvua zikikatika. Zilipokatika akajiambia atajibu baada ya Idi. Ukweli ni kwamba alijua atakachotakiwa kukisema, na alikuwa hajawahi kumwambia mtu yeyote.

Makwega alimtembeza. Akamwonyesha ubao mkubwa wa mninga ulioandikwa majina ya wote waliorudi wazima, na kwenye safu ya maafisa marafiki Shaweji akaliona jina lake, limechongwa kwa herufi nzuri. Kisha Makwega akampeleka mtaa wa familia za askari.

Mtaa ule ulikuwa kimya kiasi kwamba Shaweji aliona haya kwa sauti ya viatu vyake. Kwenye baraza moja mwanamke alikuwa akitwanga, na mchi wake ulikuwa umefungwa matambara tabaka kwa tabaka. Fremu za milango zilipigiliwa vipande vya ndala kuukuu ili mlango usilie unapofungwa. Watoto walicheza kwa ishara. Mmoja alijikwaa akaanguka vibaya, na kabla ya kushika goti lililochubuka alitangulia kuziba mdomo wake mwenyewe.

"Unasikia?" Makwega alinong'ona, uso umemng'aa. "Husikii kitu. Mtaa huu umechukua kikombe cha utulivu miaka minne mfululizo. Wangekuwa na wagonjwa humu, kungekuwa na kelele."

Shaweji alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania.

Chausiku alimpokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya chini iliyozoea kuwa chini.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba, mwanangu. Nimechelewa."

"Umekuja," alisema, akamkaribisha ndani.

Nyumba ilikuwa ya bati, lakini juu ya bati palitandazwa makuti mazito. Chausiku alieleza kwamba mvua ikipiga bati inatoa sauti kama redio iliyopoteza stesheni, na Tindwa akiisikia huwa hakai ndani. Mafuta yakichemka kwenye kikaango nayo ni vilevile, kwa hiyo alikuwa hajakaanga kitu kwa miaka mitatu. Binti yao, Mwasiti, mwenye miaka saba, hakukumbuka kuona andazi likiumuka kwenye mafuta nyumbani kwao.

"Haya yote ulifundishwa na nani?"

"Hakuna aliyenifundisha. Kila mwanamke hapa amejitafutia. Mwenzangu wa jirani mume wake hawezi kuona nyama mbichi. Yule wa pale, mume wake hawezi kukaa kama kuna mtu nyuma yake, basi hata watoto wanakula wamejipanga ukutani."

"Na Tindwa yuko wapi sasa?"

Chausiku alielekeza kwa kidevu upande wa mashariki. "Nje ya Lango la Waliorudi. Kuna benchi. Anatoka asubuhi, anakaa mpaka jua linapotaka kuzama. Anasema hajarudi bado."

Alisema angeweza kumpeleka kumwona wakati huohuo. Shaweji akajibu kwamba ni heri kwanza baraza likae, ili akimwona awe na kitu cha kumpa. Chausiku alikubali. Baadaye Shaweji alilikumbuka jibu lake lile akatamani angelimeza.

Kabla ya siku ya baraza alikwenda kuiona Nyumba ya Pumziko, mahali palipojengwa kwa ajili ya watu kama Tindwa. Alikuta vitanda thelathini vimetandikwa mashuka meupe, chumba cha wake na watoto chenye mikeka na vitabu vya picha, na daktari mmoja, Daktari Nyangeta, amekaa peke yake akisuka ukili wa mkeka. Wauguzi walibadilisha mashuka kila Jumatatu. Tangu nyumba ifunguliwe alikuwa hajalala mtu hata mmoja, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ametimiza masharti: afisa atoe ushahidi, na baraza liifute hati.

"Lakini kinatibika?" Shaweji alimwuliza.

"Kinatibika," alisema Daktari. "Si kama kung'oa jino, ukatoka umesahau. Mtu anakaa, anasema kilichompata, anakirudia mpaka kinapungua makali. Mkewe naye anakaa na mimi, anasema ya kwake, maana na yeye ana ya kwake. Wengi wangelala, wangefanya kazi, wangecheza na watoto wao." Aliweka ukili pembeni. "Wakija mapema, lakini. Kila mwaka unaopita inakuwa kazi zaidi. Huyo wako ni wa lini?"

"Miaka minne."

Daktari aliuchukua ukili wake akaendelea.

Baraza la Uzimani lilikutana kwenye ukumbi wenye mapazia mazito. Kabla ya shauri la Chausiku palikuwa na hoja ya zamani, iliyoingia mwaka wake wa kumi na moja: ugonjwa huo uitweje. Mjumbe wa kwanza alisema kitu kisicho na jina hakiandikiwi dawa, na kisichoandikiwa dawa si ugonjwa, kwa hiyo hapakuwa na la kujadili. Wa pili alikiri kwamba kipo, ila akaonya kuwa kikipewa jina leo, kesho kila mvivu atasema anacho. Wa tatu alipendekeza kiitwe uchovu wa heshima, akapigiwa makofi. Kisha akasimama jenerali mzee, kifua kimejaa nishani.

"Mimi nimepigana vita viwili," alisema, "na ninalala fofofo kama mtoto mchanga."

Mkewe alikuwa kwenye viti vya wageni, karibu na Shaweji. Aliposikia hivyo aliinamisha kichwa akaanza kuzungusha pete kidoleni, akaizungusha mpaka mumewe alipoketi. Baraza likaunda kamati ya kuipitia ripoti ya kamati iliyotangulia, kisha jina la Tindwa likaitwa.

Shaweji alisimama. Mwenyekiti, mama wa makamo aliyeitwa Bibi Salamba, alimwambia aseme alichokiona.

"Nilikuwa kamanda," alianza. "Doria yetu ya watu sita ilizingirwa ng'ambo ya mto. Ikaanza kuita kwenye redio tangu alfajiri. Nikaamuru isijibiwe. Tungejibu, adui angejua tulipo, na tulikuwa watu mia na ishirini. Amri hiyo naweza kuitetea hata leo."

Aliigeuza kofia yake mikononi.

"Nisichoweza kukitetea ni kwamba niliondoka. Lazima mtu mmoja awe anasikiliza, hiyo ndiyo kanuni. Nikamwacha Tindwa na vipokea sauti masikioni, mimi nikaenda upande wa pili wa kambi ili nisisikie. Wale walikuwa wenzake. Walikuwa wakimwita kwa jina lake. Tindwa, tunajua unatusikia, jibu. Alisikiliza mpaka saa tisa alasiri, walipoacha kuita. Kesho yake mchana akaja kwangu akasema, 'Afande, bado wananiita.' Nikamwambia redio imezimwa, nenda ukale."

"Uliona damu?" mjumbe mmoja aliuliza.

"Hapana."

"Aliacha kazi?"

"Alifanya kazi miezi saba mingine, tena vizuri kuliko wote. Nikamwandikia cheti cha sifa."

"Sasa aliumia wapi?"

"Pale," alisema Shaweji. "Pale nilipomwacha."

Hata jenerali mzee alikuwa ameinua kichwa. Bibi Salamba alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Baraza hili halijapata kumsikia afisa akisema hivi," alisema hatimaye. "Ushahidi ni safi. Mimi sina swali." Chausiku, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, alishika mdomo kwa mikono miwili.

Ndipo karani alipoinuka na jalada. Aliomba radhi kwa kuchelewesha shughuli. Alisoma mhuri wa posta kwenye barua ya mke, ambayo Shaweji alikuwa ameikabidhi, tarehe na mwezi, kisha kifungu cha sheria: afisa aliyeitwa atoe ushahidi ndani ya miezi sita tangu siku ya mhuri. Ilikuwa imepita zaidi ya minane.

Wajumbe walitazamana. Mhuri ukakaguliwa, ukapitishwa mkono kwa mkono. Bibi Salamba aliuliza kama hakuna njia, karani akajibu kwa masikitiko ya kweli kwamba hakuna. Ushahidi ukapokelewa kwa ajili ya kumbukumbu, lakini usitumike. Hati ya Tindwa ikabaki kama ilivyo.

Kulikuwa na kifungu kingine. Afisa akikiri kwamba aliambiwa na askari wake naye hakufanya kitu, jina lake huondolewa kwenye ubao wa waliorudi wazima. Hicho hakikuwa na muda wa mwisho. Fundi aliitwa na patasi yake mchana uleule.

Nje ya ukumbi Chausiku alisimama kwenye ngazi. Shaweji alimfuata.

"Barua yangu ilichukua muda gani kukufikia?"

"Wiki mbili."

"Na safari ya kuja huku?"

"Siku nne."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepiga hesabu ambayo jibu lake ameshalijua. Hakupaza sauti. Katika mtaa wao hakuna aliyekuwa anajua tena kupaza sauti.

"Ungeniambia barua ilipotea," alisema, "ningekuamini."

"Haikupotea, mwanangu. Niliiweka kwenye droo."

"Mimi nilikuwa nakwenda posta kila Ijumaa, Kapteni. Kila Ijumaa. Nilidhani labda umekufa, nikawa nakuombea." Alijifunga kanga vizuri. "Nenda ukamwone. Lakini haya ukamwambie mwenyewe. Mimi nimeshasema kwa niaba ya watu wengi mno."

Shaweji alikwenda asubuhi iliyofuata. Lango la Waliorudi lilikuwa limepambwa kwa maua ya plastiki yaliyopauka, na nje yake, kando ya barabara ielekeayo kulikokuwa na vita, palikuwa na benchi la zege. Mtu aliyekaa hapo alikuwa amenenepa kidogo. Uzito ulikuwa umezidi ule aliopimwa siku ya kurudi. Alipomwona Shaweji alisimama wima akapiga saluti.

"Jambo, Afande."

"Keti, Tindwa. Unafanya nini hapa?"

"Nasubiri doria." Kisha akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Usinitazame hivyo. Najua wamekufa, wote sita. Akili zangu ninazo. Ila wameandika kwamba nimerudi, na mimi ndiye niliyekuwa nawasikia. Sasa nikiingia ndani nikafunga mlango, nani atabaki kuwasikiliza?"

Shaweji alibaki amesimama. Alimweleza yote kwa mpangilio, kama ripoti: barua, droo, miezi minane, baraza, mhuri. "Sikuja na kitu," alimaliza. "Ningekuja mapema, leo ungekuwa kwa Daktari. Mimi ndiye niliyekuchelewesha. Mara ya pili."

"Najua habari za barua. Chausiku alinisomea kabla hajaituma. Na mimi nilikuwa nahesabu wiki." Tindwa aliitazama barabara. Lori lilipita, akalisindikiza kwa macho mpaka likapotea. "Siku ile ulipokwenda upande wa pili wa kambi, nilikuona. Niliuona mgongo wako. Nilitaka sana kukufuata."

"Ungenifuata."

"Hapana, Afande. Mmoja ilikuwa lazima abaki." Alisema bila lawama, na hilo ndilo lililomwumiza Shaweji kuliko patasi ya fundi. "Walipokuwa wananiita nilitaka tu kuwe na mtu mwingine pembeni anayesikia. Si kwamba afanye kitu. Asikie tu, ili baadaye nikisema, aseme ndiyo, ilikuwa hivyo."

"Ilikuwa hivyo," Shaweji alisema.

"Hukusikia."

"Nilisikia kabla sijaondoka. Nilimsikia Mzuanda. Alikuwa anataja jina la mtoto wake."

Tindwa aligeuka kumtazama. Kwa miaka minne hakuna mtu aliyekuwa amelitaja jina la Mzuanda mbele yake.

"Na wewe," aliuliza, "ulirudi lini?"

Shaweji alifungua mdomo atoe tarehe. Aliijua: ilikuwa Jumanne, mke wake alikuja kumpokea na kanga mpya, bendi ikapiga. Lakini mke huyo sasa anaishi kwa binti yao mkubwa. Alikuwa ameondoka bila ugomvi, akasema tu kwamba amechoka kuishi na mtu ambaye kila anapoona mwenzake anataka kulia, anachukua kofia na kutoka. Shaweji alitoka hata siku ya kumzika mama mkwe wake. Siku zote alidhani ni tabia yake tu, ameumbwa hivyo.

"Sijui," alisema. "Sidhani kama nimerudi."

Tindwa alimwangalia kwa makini, jinsi askari anavyomwangalia mwenzake kujua kama ataweza kutembea. Kisha akasogea upande, akampisha nafasi.

Walikaa. Tindwa akaanza kusema, kwanza juu ya alfajiri ile, nani aliita wa kwanza na kwa maneno gani. Mara mbili Shaweji alijikuta ameshika kofia yake, na mara zote mbili akaiweka tena gotini. Mchana Chausiku alikuja na hotipoti ya wali na maharage. Aliwaona kwa mbali, akapunguza mwendo. Alimsikia mume wake akizungumza, sentensi ndefu moja baada ya nyingine, jambo ambalo hajalisikia tangu siku aliyotia dole gumba. Hakuwasogelea. Alisimama palepale barabarani mpaka chakula kikapoa.

Wanawake wa mtaa ule, waliokuwa wamekisikia barazani kile alichokisema Shaweji, waliwaandikia maafisa wa waume zao wiki ileile. Wengi mpaka leo hawajajibiwa. Wawili walijibiwa kwa wakati, na vitanda viwili katika Nyumba ya Pumziko vikapata watu. Daktari Nyangeta aliposikia habari za benchi aliusoma upya mkataba wake. Ulimkataza kumlaza mtu asiye na hati iliyofutwa, lakini haukusema lolote juu ya kukaa na mtu kando ya barabara, basi akawa anakuja kila Alhamisi na ukili wake. Alisema mapema kwamba hatoi ahadi. Imechelewa, alisema, imechelewa sana, tutaona.

Mwaka ule Tindwa hakuingia langoni. Shaweji alipanga chumba karibu, akamwandikia mke wake barua ndefu, na bado hajui kama imesomwa au imewekwa mahali. Lakini siku ya pili tu tangu wakae pale, Chausiku alipokuja mchana, alimwekea mume wake chakula, akasita kidogo bila kumtazama yule mzee, kisha akatoa kwenye kikapu sahani ya pili.